Ubao wa Mama Babebibo

Kama kuna jambo lililomtia Mama Babebibo hasira za kweli, hasira za kuweka ndoo chini na kushika kiuno, ni mtu kummalizia mwenzake neno. Mgeni akisema, "Jana nilikwenda ka...", na mumewe akadakia, "Kazini", basi mume huyo atatazamwa mpaka chai ipoe mkononi. "Mwache amalize mwenyewe," angemwambia. "Huenda alikwenda kaburini." Mgeni akicheka, shauri yake. Yeye alikuwa hatanii.

Ugonjwa huo aliupata shuleni. Miaka kumi na miwili alifundisha darasa la kwanza, ba be bi bo bu, katika shule ya binafsi ya vyumba vinne, na jambo moja alilokuwa na hakika nalo ni kwamba mtoto ukimmalizia neno leo, kesho hasomi tena, anakaa anakusubiri. Kisha mwenye shule akauza kiwanja. Walimu wenye vyeti wakapata pa kwenda. Yeye, aliyekuwa na subira lakini hana cheti, akaishia kuwa mhudumu wa wodi hospitalini, tena katika chumba cha wagonjwa mahututi: vitanda sita, mashine sita za kupumulia, na sakafu isiyokauka. Kazi yake ilikuwa kupiga deki, kumwaga mifuko ya mkojo, kusaidia kugeuza wagonjwa kila baada ya saa mbili na kukimbiza damu maabara. Katika ngazi za hospitali ile, chini yake kulikuwa na ndoo tu.

Sasa, mgonjwa wa mashine ana mpira uliopita kinywani mpaka ndani ya koo. Mpira huo unampa pumzi na kumnyang'anya sauti. Anaweza kuwa na akili zake zote timamu, anajua leo ni Jumanne, anaona kiu, anamsikia daktari akikosea jina lake, na asiweze kutoa hata mguno. Wauguzi walikuwa na kadi ya msaada kutoka ng'ambo yenye herufi A mpaka Z. Muuguzi anapitisha kidole, mgonjwa anapandisha macho kwenye herufi anayoitaka. Siku moja Mama Babebibo aliegemea mpini wa deki akamtazama dereva mmoja mstaafu akijaribu kusema "nasikia baridi" kwa kadi ile. N. A. S. I. Kufika K mzee alikuwa hoi, akafumba macho, na muuguzi akaandika kwamba mgonjwa amelala. Mzee wa watu akaendelea kutetemeka.

Ilimuuma, lakini zaidi ilimkera kikazi. Nani aliwahi kusoma hivyo? Sisi sote tulianza na na ne ni no nu. Alipofika nyumbani akachana ubavu wa katoni ya glavu, akaandika konsonanti pembeni, safu kwa safu, irabu tano juu kwa wino mwekundu, na chini kabisa akawapanga wale wakorofi: mb, nd, ng, ny, sh, kw. Akaufunika kwa nailoni ya kuvalisha madaftari. Kesho yake dereva alisema na-si-ki-a-ba-ri-di, silabi saba tu, akaletewa blanketi, kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: m-me-che-le-wa. Wodi nzima ilicheka, na kuanzia siku hiyo yule mhudumu akabatizwa Mama Babebibo.

Ubao wenyewe haukuwa na uchawi. Kidole kinashuka pembeni, mgonjwa akipandisha macho umepata safu. Kisha unamtajia a, e, i, o, u, naye anapandisha macho tena. Kupandisha macho ni ndiyo, kuyafumba ni hapana. Lakini mwalimu ni mwalimu, akaongeza sheria yake: hata neno likiwa wazi kama mchana, usilimalizie. Soma mpaka silabi ya mwisho, halafu uliza, "Nimesoma sawa?" Hapo ndipo wauguzi wengi walipomshinda. Kazi nyingi, watu wachache, nani ana muda wa kungoja silabi ya mwisho?

Mmoja tu ndiye aliyeng'ang'ana mpaka akajua, binti mwembamba mwenye watoto pacha ambaye wodi ilimwita Sista Mapacha. Miezi mitatu mizima alifundishwa, wakati wa chai, Mama Babebibo akijifanya mgonjwa na kumpandishia macho. Wakawa chanda na pete. Chupa ya chai moja, vikombe viwili. Sista akichelewa, Mama Babebibo aliwasha feni ya chumba cha wauguzi na kutundika sweta nyuma ya kiti, ili Metroni akipita adhani mtu ametoka kidogo tu. Na mume wa Sista alipobadilisha kitasa cha mlango, ni sebule ya nani iliyompokea na mapacha wake wiki tatu nzima? "Dada," Sista alizoea kusema, "mimi na wewe hata mauti yatatukuta tunanong'ona." Mama Babebibo aliliamini hilo neno kwa neno.

Basi akaletwa fundi cherehani. Mwanamke wa makamo, mzima wa afya, aliamka siku moja vidole vya miguu vimekufa ganzi. Kabla ya wiki kuisha ganzi imepanda mpaka kifuani na pumzi haivutiki. Daktari alisema ugonjwa wa namna hiyo hushuka kwa njia ileile uliyopandia, ila unaweza kuchukua miezi. Mwili wote ulikuwa umelala isipokuwa uso na macho, na nyuma ya macho yale kulikuwa na mtu mzima mwenye mdomo wake. Siku ya tatu alimwambia daktari kijana kupitia ubao: pi-ndo-la-ko-ti-li-me-a-chi-a. Daktari akajitazama, kweli, pindo linaning'inia.

Alhamisi ya siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, Mama Babebibo alikuwa kitandani kwa Fundi na ubao mkononi. Na. Ta. Ka. Ku. Hapo simu ikaita: mgonjwa wa kitanda cha pili anavuja damu, mhudumu akimbie benki ya damu sasa hivi. Akamkabidhi Sista Mapacha ubao. "Shoga, endelea hapa. Amefika kwenye ku."

Foleni ilimla dakika arobaini. Aliporudi alimkuta Sista ameinamia faili anaandika.

"Alitaka nini?" akauliza.

"Nani, Fundi? Ah, amechoka tu, dada."

Zamu ikaisha. Mama Babebibo alikuwa na siku mbili za mapumziko, akaenda zake. Siku zote mbili walitumiana ujumbe na Sista kwenye simu, umeamkaje, mapacha wanaendeleaje, mvua huko imenyesha? Mambo ya Fundi hayakutajwa hata mara moja.

Jumapili anaingia wodini, anamkuta kaka mkubwa wa Fundi amepiga magoti kando ya kitanda, mwanamume wa kimo kile, anamwomba dada yake msamaha kwa habari ya kiwanja cha marehemu baba yao. Binti wa Fundi amesimama upande wa pili, macho yamevimba. Nje kwenye benchi jamaa wengine wanasubiri zamu zao. Na Fundi anawatazama mmoja mmoja kwa macho makavu yaliyojaa hofu.

Mama Babebibo akafungua faili. Mhudumu hana ruhusa ya kufungua faili, lakini siku hiyo hakuuliza ruhusa. Alhamisi, saa nne na nusu: *Mgonjwa anaeleza kupitia ubao kwamba anataka kufa.* Chini yake daktari ameandika kwamba Jumatatu saa nne atakaa na familia waamue kama kuna haja ya kuendelea na mashine.

Akautwaa ubao, akawaomba jamaa wampishe. Kidole hakijatulia vizuri, macho ya Fundi yakaanza kukimbia. Kwa. Ni. Ni. Wa. Na. Ni. A. Ga.

Kwa nini wananiaga.

Akashika chuma cha kitanda. "Fundi," akasema, "wewe unataka kufa?"

Fundi alifumba macho kwa nguvu mpaka paji likakunjamana.

"Alhamisi ulikuwa unasema nini? Taratibu. Mimi siendi popote."

Na-ta-ka-ku-fu-mu-li-wa. Akapumzika. Nye-we-le. Hakuna aliyekuwa anasahihisha imla pale. Mwanamke alitaka kufumuliwa nywele. Kabla ya kuugua alikuwa amesukwa misuko ya kubana kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, na sasa siku kumi na nne alikuwa ameilalia bila kuweza kugeuza shingo. Kichwa kilikuwa kinamwaka moto.

Mengine aliyatoa kidogo kidogo, na Mama Babebibo aliyasoma. Sista alifika kwenye safu ya f, Fundi akapandisha macho. Irabu hakutajiwa. Sista aliuliza palepale: "Kufa? Unataka kufa?" Ni-li-fu-mba. A-ka-o-na-ma-cho-zi. A-ka-ni-pa-po-le.

Jamani. Mtu anakwambia hapana kwa njia pekee aliyobaki nayo duniani, nawe unampa pole.

Walimfumua wawili, yeye na binti wa Fundi, wakitumia mpini wa kitana, binti analia na kucheka kwa pamoja. Chini ya msuko wa kisogoni walikuta kidonda kipana kama kifungo cha koti. Daktari akaitwa, akaonyeshwa kidonda, akasomewa ubao mwanzo mpaka mwisho, akakata kwa kalamu nyekundu alichokuwa ameandika. Kikao cha Jumatatu hakikuwapo tena. Kaka mtu akafuta machozi, na lile la kiwanja sikusikia kama alilirudia.

Lakini machozi ya mwanamume yakikauka yanaacha hasira. Jumatatu asubuhi alikuwa ofisini kwa Metroni anagonga meza. Mlitaka kumzimia dada yangu mashine kwa silabi moja. Nani aliyesoma? Namtaka aliyesoma.

Metroni akawaita wote wawili. Njiani kwenye korido Mama Babebibo alikuwa anapanga maneno ya kumtetea mwenzake, niwe mkweli kama alivyokuwa yeye. Kwamba Sista alikuwa na wagonjwa watatu peke yake asubuhi ile. Kwamba ilikuwa haraka, haikuwa ubaya. Kwamba ubao ni mgumu. Aliamini Sista atasema, "Ni mimi, nilikosea", na yeye atadakia hapo na utetezi wake.

"Mhudumu ndiye aliyesoma," Sista alisema. Alikuwa anaitazama kalenda ukutani. "Mimi niliandika alichoniambia."

Mama Babebibo alidhani hakusikia vizuri. "Shoga?"

"Kila mtu alimwona na ubao kitandani, Metroni. Mimi ule ubao hata siujui vizuri."

Miezi mitatu. Chai ngapi? Mama Babebibo alifungua kinywa, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga yalikuwa ya kumtetea huyuhuyu. Hakuwa na mengine. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na tunasema kirahisi mpaka siku tutakapojipapasa nguo zetu wenyewe.

"Mwulizeni mgonjwa," akasema mwisho. "Yeye alikuwapo."

"Nimwulize kwa njia gani, kwa ubao?" Metroni hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. "Ubao ndio mshtakiwa, mama. Tutasubiri aongee kwa kinywa chake."

Ubao ukafungiwa kabatini. Wagonjwa sita wakarudishiwa kadi ya A mpaka Z. Mama Babebibo akahamishiwa chumba cha kufulia, nyuma ya jengo, kule kwenye mvuke na mashuka, mpaka ukweli utakapojulikana, na akakatazwa kukanyaga wodini.

Kazi ya kufua haikumuua. Kilichomtafuna ni chupa ya chai, aliyoibeba kutoka nyumbani kila asubuhi kwa mazoea ikiwa imejaa ya watu wawili. Siku ya nne akamwaga nusu kwenye mtaro, akalia, akajiona mjinga kulilia chai.

Sista alikuja kumwona mara moja tu. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Dada, nisikilize. Wewe wakikuadhibu unakuja kufua. Mimi wakiniadhibu leseni imekwenda. Mapacha watakula nini? Wewe una mume."

"Kwa hiyo mimi si mtu."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema," Mama Babebibo alijibu, "lakini nimesoma." Akawasha mashine ya kukausha, ile yenye kelele, na hakuizima mpaka mlango ulipokuwa mtupu.

Tegemeo lake likabaki Fundi. Alihesabu siku kama mjamzito. Kila mhudumu aliyeleta mashuka machafu aliulizwa: vipi kitanda cha nne? Ameanza kuinua mabega. Ameanza kuvuta pumzi mwenyewe saa moja, saa tatu, kutwa. Mumewe akimwambia aandike barua, amtafute mtu wa chama cha wafanyakazi, alikataa. "Fundi atasema," alijibu. "Mimi ndiye niliyemtoa kwenye mkono wa kaburi. Fundi akipata sauti tu, yamekwisha." Aliwaza mpaka namna atakavyosema, sauti itakavyokuwa. Hakuwahi kuisikia sauti ya Fundi.

Wiki ya sita mpira ukatolewa. Baada ya siku nne Metroni akamwita Mama Babebibo wodini. Alivaa sare iliyopigwa pasi mara mbili. Kitandani kulikuwa na Fundi ameketi kwa kuegemezwa mito, nywele zimenyolewa fupi. Kaka yake amesimama dirishani. Na Sista Mapacha anamrekebisha mto mgongoni, anamfuta kidevu kwa kitambaa. Mikono ya Fundi ilikuwa imelala juu ya shuka. Hata sindano haikuweza kushika.

"Alhamisi ile," Metroni alianza, "ulitaka kufa?"

"Hapana." Sauti ilikuwa nzito na ya kukwaruza, kama mlango usiotiwa mafuta. Mama Babebibo moyo ulimpaa kwa furaha.

"Ulitaka nini?"

"Kufumuliwa nywele."

"Na nani aliyekusomea akasema ni kufa?"

Mashine tano zikaendelea kupumua. Fundi alimtazama Mama Babebibo. Kisha akautazama mkono uliokuwa umeshika kitambaa.

"Sikumbuki," akasema.

"Fikiri vizuri."

"Nilikuwa mgonjwa, Metroni. Sikumbuki."

Kaka mtu akashusha pumzi, akasema yaishe, la muhimu dada ni mzima. Metroni akaandika kwamba haikuthibitika. Funika kombe mwanaharamu apite. Na kwa kuwa haikuthibitika, mhudumu abaki huko huko kufulia, maana mwenye leseni ndiye anayepaswa kusoma wagonjwa. Ubao ukatolewa kabatini kwa sharti kwamba mhudumu asiuguse. Wauguzi wengine wafundishwe kuutumia. Na nani awafundishe? Alikuwapo mmoja tu aliyeujua, yule ambaye hata haujui vizuri.

Mama Babebibo alitoka pale akapita korido yote bila kumwona mtu. Alikwenda akakaa juu ya fungu la mashuka machafu, yale yasiyopaswa kukaliwa. La Sista lilikuwa kisu, sawa, lakini alikuwa ameanza kulizoea. La Fundi hakujua aliweke wapi. Macho yale aliyasoma wiki nzima nzima, silabi kwa silabi, hakuyamalizia neno hata siku moja. Kumbe mdomo alikuwa hajausoma.

Fundi aliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya mwezi mwingine. Siku hiyo binti yake alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka chumba cha kufulia. Magurudumu yalikwama kwenye kizingiti, kwa hiyo mazungumzo yakafanyika mlangoni, mvuke ukiwapita.

"Mama," Fundi alisema, "nimeona nisiondoke bila kukuona."

"Ahsante. Pole na ugonjwa."

"Nilikuwa siwezi kuinua hata mkono. Kunywa, yeye. Kunisafisha, yeye. Nikitaka kugeuzwa, nasubiri yeye. Kila siku ananieleza habari za wale watoto, analia. Na wewe nikaambiwa huku hawakufukuzi." Alisita, akatafuta pumzi. "Mkono usioweza kuukata, ubusu. Si tunasema hivyo?"

"Tunasema."

"Hukasiriki?"

"Nakasirika sana," Mama Babebibo alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Binti alitazama chini. Fundi alijaribu kuinua mkono wa kulia kumgusa, ukafika nusu ya njia ukarudi pajani. "Niambie ukweli, mama. Ungekuwa wewe kwenye kile kitanda, ungefanyaje?"

Mama Babebibo alimtazama usoni, muda mrefu, kama zamani.

"Ningekumbuka."

Kisha akashika ncha mbili za shuka, akalikung'uta, akaanza kukunja. Yalikuwa yamebaki mashuka mengi, na saa nane wodi ingeyataka yote.